Nifanyeje nisitetemeke nikisoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu?

"Mimi ni mhasibu wa SACCOS, nina miaka 34. Wiki tatu kutoka sasa nitasimama mbele ya wanachama wapatao 200 kwenye mkutano mkuu wa mwaka kuwasilisha taarifa ya mapato na matumizi. Nimepewa dakika 15, halafu maswali. Hesabu nazijua, nimezifunga mwenyewe. Lakini nikishika tu kipaza sauti moyo unapiga hadi nausikia masikioni, mdomo unakauka, karatasi inatetemeka, sauti inakatika. Mwaka juzi nilisoma mbiombio nikaruka ukurasa mzima. Mwaka jana nilisingizia mafua, mwenzangu akanisomea. Safari hii mwenyekiti kasema lazima nisome mwenyewe. Mmoja ananishauri nikariri yote neno kwa neno, mwingine anasema niwaone watu kama magunia ya mahindi, na jirani ameniahidi vidonge vya presha vya mama yake. Nimeshaisoma taarifa zaidi ya mara kumi usiku kitandani, lakini hofu ndiyo kwanza inazidi. Nifanyeje?"

Dada, pole kwa mzigo huo. Wiki tatu zinatosha, na nitakueleza namna ya kuzitumia. Kabla ya hapo, tazama tena sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo inayonionyesha tatizo lilipo. Umesoma taarifa zaidi ya mara kumi, usiku, kitandani. Hayo ni maandalizi ya macho. Siku ya mkutano kazi haitakuwa ya macho. Itakuwa ya mdomo, mapafu, miguu iliyosimama na mkono ulioshika kipaza sauti, na hivyo vyote havijafanya mazoezi hata mara moja. Ukisoma kimya macho huruka maneno magumu bila wewe kujua. Mdomo hauruki: ukifika kwenye tarakimu ndefu ambayo haujawahi kuitamka, unakwama mbele za watu.

Sasa tuuangalie mwili wako. Ubongo ukiona macho 200 yanakutazama, unayapokea kama hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, na kazi ya homoni hiyo ni kukuandaa ukimbie au upigane. Moyo unaongeza kasi ili misuli ipate damu. Misuli inakaza, na misuli iliyokaza bila kutumika hutetemeka. Mate yanapungua kwa sababu mwili umeahirisha shughuli ya kumeng'enya chakula, ndiyo maana ulimi unagandamana na kaakaa. Pumzi inapanda juu kifuani na kuwa fupi, kwa hiyo hewa inakuishia katikati ya sentensi na sauti inakatika. Hakuna hata kimoja hapo kilicho ugonjwa, wala hakikuambii kwamba kazi huiwezi.

Jambo la kukupa moyo ni kwamba wimbi hilo halidumu. Kwa wasemaji wengi mapigo hufika kileleni pale wanapoanza, ndani ya dakika ya kwanza, kisha yanaanza kushuka yenyewe kadiri ubongo unavyoona kwamba hakuna kinachodhuru. Kwa hiyo usijiandae kana kwamba utakuwa na hali ileile dakika zote 15. Una dakika moja au mbili ngumu za kuvuka, na hizo ndizo tutakazozijengea daraja imara kuliko kwingine kote.

Nianze na ushauri uliopewa.

Kukariri yote neno kwa neno kunaonekana ni usalama, lakini ndiko kunakoleta lile giza la ghafla. Maneno yaliyokaririwa hushikana kama shanga kwenye uzi: kila neno linavutwa na lililotangulia. Mtu akikohoa, simu ikilia, uzi ukikatika, hujui uanzie wapi. Tena akili inayofanya kazi papo kwa papo ina nafasi ndogo sana, na hofu huila sehemu ya nafasi hiyo. Ukiijaza kwa kuwinda neno halisi uliloandika, hakibaki kitu cha kufikiria unachosema. Kariri sehemu mbili tu, sentensi zako nne au tano za kwanza na mbili za mwisho. Katikati jua mpangilio wa hoja, na maneno yaache yaje tofauti kidogo kila unapofanya mazoezi.

Magunia ya mahindi nayo yaache ghalani. Ukiwageuza watu kuwa magunia unapoteza msaada mkubwa uliomo ukumbini, yaani nyuso. Katika wanachama 200 wapo kumi wanaotikisa kichwa kukubali ukisema jambo la maana. Watafute watatu, mmoja kushoto, mmoja kati, mmoja kulia, na mpe kila mmoja sentensi nzima kabla ya kuhamia kwa mwingine. Hapo unazungumza na mtu, na kuzungumza na mtu mmoja umekuzoea tangu utotoni.

Kuhusu kidonge cha jirani, nakusihi usikiguse. Zipo dawa za presha, mfano propranololi, ambazo madaktari wakati mwingine huwaandikia watu wanaotetemeka jukwaani, na zinapunguza kweli mapigo na kutetemeka. Lakini dawa hiyo hiyo inaweza kumbana pumzi mtu mwenye pumu hadi ahatarishe maisha, inaweza kushusha presha ukaanguka, na inaweza kuficha dalili za sukari kushuka kwa mgonjwa wa kisukari. Isitoshe, "dawa ya presha" ni jina la dawa nyingi zinazofanya kazi tofauti kabisa, na hujui ya mama wa jirani ni ipi. Hilo ni la daktari aliyekupima. Pombe ya "kutoa aibu" ni mbaya zaidi: inapunguza hofu kidogo, na inaondoka na tarakimu zako.

Kuna kosa la nne ambalo hukulitaja, ila naliona ndani ya swali lako, nalo ni kuamini kwamba kila unachokisikia mwilini watu wanakiona. Mwaka 2003 watafiti wawili, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha majaribio kuhusu jambo hili hili. Wasemaji walidhani hofu yao inaonekana wazi kuliko ilivyoonekana kwa wasikilizaji, na wale walioelezwa ukweli huo kabla ya kusema walisema vizuri zaidi. Moyo unaousikia masikioni hausikiki safu ya kwanza. Karatasi, hiyo ndiyo inaonekana, na dawa yake ni ndogo: A4 moja nyepesi ikishikwa kwa mkono mmoja hupepea hata kwa mtetemo mdogo. Usiishike. Iweke mezani, au tumia kadi ngumu za ukubwa wa nusu ya A4, au weka karatasi ndani ya faili gumu na uliegemeze tumboni.

Sasa tuingie kazini. Wiki ya kwanza ni ya kuiandika upya taarifa iwe ya kusemwa. Taarifa iliyo kwenye makabrasha ya mkutano imeandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Wanachama wataishika mikononi, huna sababu ya kuwasomea kila mstari. Jiulize: mwanachama akirudi nyumbani na mwenzi wake akamuuliza "hesabu zikoje?", nataka ajibu nini? Andika jibu hilo kwa sentensi moja. Kisha chagua mambo matatu yanayolibeba, pengine mapato na matumizi, mikopo chechefu (ile isiyolipwa kwa wakati), na gawio. Mengine waelekeze: "maelezo zaidi yapo ukurasa wa 7."

Halafu tarakimu, ambazo ndizo mtego mkuu wa taarifa za fedha. Tuseme mapato yalikuwa shilingi 48,735,600. Itamke kwa sauti: milioni arobaini na nane, laki saba, elfu thelathini na tano na mia sita. Ni silabi 30 hivi, kwa pumzi moja, na hewa yenyewe ni fupi. Ukiweka tarakimu sita za namna hiyo kwenye dakika moja, hata msomaji wa taarifa ya habari atajikwaa, na ukumbi hautakumbuka hata moja. Sema "karibu milioni arobaini na tisa", kamili ibaki kwenye kabrasha. Kama matumizi yalikuwa 31,218,450, usiishie kusema yamebaki milioni kumi na saba na nusu. Sema: "Katika kila shilingi 100 iliyoingia, shilingi 64 tulitumia, shilingi 36 zikabaki." Hapo mama anayeuza vitenge na mwalimu mstaafu wamekuelewa kwa pamoja, na wewe mdomo wako umepita kwenye barabara ya lami.

Zile chache unazotaka zitajwe kamili, ziandike kwenye kadi kwa maneno, si kwa tarakimu, na weka alama ya mkwaju (/) mahali pa kuvuta pumzi. Kadi moja ya sehemu ya mikopo inaweza kuwa hivi:

MIKOPO
mwaka jana → mwaka huu (ukurasa 9)
chechefu: karibu milioni sita / wakopaji kumi na wanne
kwa nini: mavuno + biashara mbili kufungwa
tumefanya nini: barua, wadhamini, ratiba mpya
(TULIA. TAZAMA KUSHOTO.)

Mistari mitano au sita, herufi kubwa, upande mmoja tu. Ziwekee namba kadi zote pembeni juu, maana zikidondoka bila namba utaokota fumbo. Kadi sita zinatosha. Na usijaze dakika 15. Jipimie 12, kwa sababu ukumbini kuna makofi, kuna kipaza sauti kinachokataa, kuna mgeni rasmi anayeingia katikati.

Wiki ya pili ni ya mdomo. Kila siku mara moja au mbili, umesimama, kwa sauti ya ukumbini, si ya kunong'ona, na simu ikikurekodi. Siku saba zenye zoezi moja moja zinafaa kuliko mara kumi ndani ya usiku mmoja, kwa sababu ubongo hupanga kumbukumbu unapolala. Shika kitu chenye uzito wa kipaza sauti, hata tochi, ili mkono ujue utakavyokuwa. Ukikosea usirudie mwanzo. Hapa wengi wanajiharibia: kila wakijikwaa wanaanza upya, matokeo yake ufunguzi wameufanya mara 30 na mwisho mara mbili. Jikwae, jirekebishe, endelea hadi mwisho, kama itakavyokubidi siku yenyewe. Rekodi isikilize kwa kutafuta jambo moja kila siku: leo muda tu, kesho mahali ulipokimbia, keshokutwa zile "yaani", "eeh" na "kwa hiyo" zinazojaza mapengo. Usijaribu kuzifuta zote. Badala ya "eeh", funga mdomo na uvute pumzi. Kimya cha sekunde mbili kwako ni kirefu, kwa wasikilizaji ni nafasi ya kuelewa.

Ile mbio ya mwaka juzi iliyokurusha ukurasa haikutokana na uzembe. Adrenalini huvuruga kipimo chako cha muda, kwa hiyo kasi unayoiona ya kawaida kwa wengine ni mbio. Ndiyo maana maneno kama "TULIA" yanaandikwa kwenye kadi, usitegemee kuyakumbuka.

Wiki ya tatu, watu na mahali. Anza na mtu mmoja nyumbani, kisha watatu wanne ofisini, wakiwemo wasiojua uhasibu. Usiwaulize "nimefanyaje?", watakusifu tu. Waulize: "Umebaki na nini kichwani? Wapi ulipotea?" Mwombe mmoja akukatize kwa makusudi, mwingine aingie amechelewa na kuvuta kiti kwa kelele. Walau mara moja nenda ukumbini kwenyewe, simama pale utakaposimama, useme kadi ya kwanza viti vikiwa vitupu. Ubongo hautishiki sana na mahali ulipokwisha kupaona.

Ukiwa hapo mtafute fundi mitambo. Kipaza sauti kikae umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, chini kidogo usawa wa kidevu, na kisogee pamoja na kichwa chako unapogeuka. Usikipulize wala kukigonga, kijaribu kwa sentensi ya kweli. Muulize kama kinatumia betri na kama iko ya akiba. Wasemaji wengi wameanza kutetemeka si kwa hofu ya watu bali kwa kukuta kifaa kimezimwa na hawajui swichi iko wapi.

Sasa lile daraja la dakika ya kwanza. Kwetu hotuba haianzi na hoja, inaanza na itifaki, na itifaki ndiyo inayowamaliza wengi: mgeni rasmi ni nani leo, afisa ushirika amekuja au ametuma mwakilishi, mwenyekiti anatangulia au anafuata? Asubuhi hiyo mwombe katibu orodha iliyothibitishwa, iandike kwenye kadi ya kwanza kwa vyeo. Kama waliotangulia wameshawataja wote, taja watatu wakubwa na useme "itifaki imezingatiwa". Kisha toa salamu ya ushirika mnayoitumia na usubiri ukumbi uitikie. Subira hiyo ina faida mwilini: wao wanapoitikia, wewe unapumua, na unasikia kwamba watu wale wanakujibu, hawakushambulii. Baada ya hapo ndipo zinaingia zile sentensi zako nne ulizozikariri.

Dakika tano kabla ya kuitwa, ukiwa umekaa, pumua kwa kutoa hewa kirefu kuliko unavyoivuta: vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita au saba, mara nane hadi kumi. Moyo hupunguza kasi kidogo kila unapotoa pumzi, kwa hiyo kurefusha kutoa ni kukanyaga breki. Usivute mapumzi makubwa ya harakaharaka kama mtu aliyetoka kuogelea, maana ukitoa hewa kupita kiasi utapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, na utadhani hofu imezidi. Bana pia ngumi kwa sekunde tano chini ya meza, uachie, mara tatu. Misuli iliyokazwa ikalegezwa hupunguza kutetemeka.

Wala usijiamuru "tulia, usiogope". Mwili uliochemka hauzimwi kwa amri. Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia kuwa wana msisimko walifanya vizuri zaidi, kwenye hotuba na hata kuimba, kuliko waliojiambia watulie. Jiambie, kwa sauti ndogo, "mwili wangu umeamka, nina kazi ya kuwaambia watu hela zao ziko wapi." Ni kweli, na ubongo huukubali ukweli upesi kuliko kubembelezwa.

Kula kitu chepesi saa mbili kabla. Kama kahawa au chai ya rangi kali hukufanya utetemeke, siku hiyo iache. Maji yasiyo baridi yawe karibu, kifuniko cha chupa kikiwa kimeshalegezwa.

Ukisahau katikati, na huenda ukasahau, fanya mambo matatu kwa mpangilio: funga mdomo, kunywa maji funda moja, tazama kadi. Sema sentensi uliyoiandaa nyumbani: "Naomba nirudie hapa ili tuende pamoja." Rudia hoja ya mwisho uliyoikumbuka, nayo itaivuta inayofuata. Usiombe radhi kwa kuogopa. Ukisema "samahanini, nina hofu", watu 200 wanaacha hesabu wanaanza kukukagua wewe.

Maswali yanaogopesha kuliko taarifa, lakini kwa mhasibu ndipo penye nguvu yake. Andika maswali kumi unayoyatarajia, hasa yale matatu ambayo ungependa yasiulizwe: kwa nini gawio limeshuka, nani hajalipa, posho za vikao zimepandaje. Jibu kila moja kwa sauti, kwa sekunde 40, mbele ya mtu. Ukumbini lirudie swali kwa maneno yako kabla ya kujibu. Ukumbi mzima utalisikia na wewe utapata muda. Akiulizwa mdaiwa kwa jina, eleza kwamba unatoa jumla na hutaji akaunti ya mwanachama, kisha umwachie mwenyekiti. Usilolijua liseme hivyo: "Takwimu hiyo sina hapa, Ijumaa itakuwa kwa katibu", na Ijumaa iwe kwa katibu kweli.

Nirudi kwenye yale mafua ya mwaka jana, si kwa kukulaumu. Ulipompa mwenzako kipaza sauti ulipata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ubongo uliihesabu kuwa ushahidi: "tumeponea chupuchupu, kumbe hatari ilikuwepo." Kila ukikwepa, hofu inapata shahidi mpya. Ndiyo maana imezidi mwaka huu ingawa hesabu unazijua vizuri kuliko zamani. Kinyume chake nacho kipo, ila huja kwa kurudiarudia: baada ya mkutano huu usingoje mwaka mzima. Toa dondoo kwenye kikao cha wafanyakazi kila wiki, soma taarifa ya robo mwaka kwa bodi, toa shukrani kwa niaba ya familia kwenye shughuli. Dar es Salaam na Nairobi zipo klabu za Toastmasters ambako watu hupokezana kusema na kurekebishana, ingawa nyingi huendeshwa kwa Kiingereza.

Huenda maandalizi haya yakakutosha. Lakini nenda ukaonane na mtaalamu ana kwa ana kama hofu hii haikai jukwaani tu: kama inakuzuia kula mbele za watu, kupokea simu au kwenda misibani, kama umeshakataa cheo kwa ajili yake, kama hulali wiki kadhaa kabla, kama unatumia pombe au vidonge ili uweze kusimama, au kama moyo unapiga hivyo hata ukiwa umekaa kwa utulivu, kwa sababu tezi ya shingoni, upungufu wa damu na matatizo ya moyo hufanana sana na hofu. Hili la mwisho anza na daktari wa kawaida akupime. Kwa hofu yenyewe, hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili, na ipo tiba ya mazungumzo inayokupandisha hatua kwa hatua kwenye lile unaloliogopa. Kwa wengi inaleta matokeo ndani ya miezi michache. Ukienda, beba karatasi yenye mambo manne: hofu ilianza lini, mwili unafanya nini hasa, umekwepa nini mwaka huu, na dawa zozote unazotumia. Kama umewahi kuugua pumu, liandike hilo juu kabisa.